Ganda dogo la baharini na bukari ya Katuba: wachunguzi wanasoma mvua za zamani

Lubumbashi, Haut-Katanga – Mwezi wa pili mwaka wa 2024, serikali ya Zambia ilitangaza ukame kuwa msiba wa taifa. Kwa wakaaji wa komini ya Katuba habari hiyo haikuwa ya mbali, kwani unga mwingi wa muhindi unaopikwa bukari hapa mjini unapitia mpaka wa Kasumbalesa. Ukame ule ulihusishwa na El Niño, yaani kupanda kwa joto la maji katika bahari ya Pasifiki.

Je, joto la bahari linagusa mvua ya huku kwa namna gani, na ilikuwa hivyo tangu zamani? Vipimo vya joto vilivyochukuliwa na meli havifiki mbali: miaka mia moja na hamsini na kidogo tu. Kwa miaka ya nyuma zaidi, wachunguzi wanauliza viumbe vidogo vilivyokufa na kuzikwa chini ya bahari.

Kati ya viumbe hivyo kuna foraminifera. Kila kimoja kinajijengea ganda la chokaa, mara nyingi dogo kama punje ya mchanga. Kikifa, ganda linashuka na kufunikwa na matope, tabaka juu ya tabaka. Wachunguzi wanatoboa matope hayo kwa bomba refu na kuvuta karoti, sawa na wanajiolojia wa migodi ya Katanga wanapotafuta shaba.

Ganda hilo linabeba alama mbili. Maji yakiwa baridi, linashika zaidi oksijeni ile nzito; yakipata moto, linashika magnezi nyingi. Alama ya oksijeni inabadilika pia barafu ya dunia inapoongezeka, ndiyo maana alama hizo mbili zinalinganishwa. Mwaka wa 1955, Cesare Emiliani alitumia oksijeni ya maganda hayo kuonyesha kwamba bahari ilipoa na kupata moto mara nyingi.

Kuna karoti moja inayotuhusu sisi moja kwa moja. Mto Lubumbashi unaingia Kafubu, Kafubu unaingia Luapula, maji yanapita ziwa Mweru, yanatoka kwa jina la Luvua na kukutana na Lualaba kule Ankoro. Mwisho wa safari ni Atlantiki, upande wa Banana. Nje ya mdomo huo wa mto Kongo, kwenye kina cha metre 960 hivi, matope ya baharini yamechanganyika na udongo na mabaki ya majani kutoka nchi yetu.

Mwaka wa 2005, Enno Schefuß na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya karoti hiyo, inayofikia miaka 20.000 nyuma. Mafuta ya miani ya baharini yaliwapa joto la maji. Nta ya majani iliyoletwa na mto iliwapa habari za mvua. Waliona kwamba tofauti ya joto kati ya sehemu mbalimbali za Atlantiki ya kusini ilipobadilika, mvua ya bonde la Kongo ilibadilika pia. Mwaka wa 2007, uchunguzi mwingine wa karoti ileile ulionyesha kwamba joto la Afrika ya kati lilipanda kutoka digrii 21 hivi hadi 25, kati ya miaka 17.000 na 10.000 iliyopita.

Digrii nne zilichukua maelfu ya miaka. Siku hizi mwendo ni wa haraka. Katika ziwa Tanganyika, uchunguzi wa Jessica Tierney na wenzake, uliotoka mwaka wa 2010, ulikuta kwamba joto la maji ya juu mwishoni mwa karne ya 20 halikuwa na mfano katika miaka 1.500. Mwaka wa 2016, Andrew Cohen na wenzake walihesabu mabaki ya samaki katika matope ya ziwa hilohilo: samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Maji ya juu yakipata moto sana, hayachanganyiki vizuri na yale ya chini yenye chakula, na ndakala wanakosa cha kula.

Katanga iko mahali ambapo, wakati wa masika, pepo zenye mvuke kutoka upande wa Atlantiki zinakutana na zile za bahari ya Hindi. Kwa hiyo anayelima muhindi kandokando ya Lubumbashi anategemea bahari mbili ambazo pengine hajawahi kuziona.

Faida ya maganda hayo iko hapa: programu za kompyuta zinazotabiri mvua ya kesho zinajaribiwa kwanza juu ya mvua ya zamani. Ile inayoshindwa kueleza ukame wa miaka 17.000 iliyopita haiwezi kuaminiwa haraka inapomwambia mkulima wa leo apande lini.