Mishipa ya Damu na Nyuzi za Tishu Penye Mchochota wa Mzizi wa Jino

Jino lililooza likiuma kwa siku kadhaa, kisha maumivu yakakoma yenyewe, mwenye jino hushukuru na kudhani kwamba amepona. Mara nyingi lililotokea ni kinyume chake: kiini cha jino, yaani ile nyama laini ya ndani yenye mishipa ya fahamu na ya damu, kimekufa, na kilichokufa hakiumi. Makala hii inakusudia kueleza mambo yanayoendelea baada ya hapo kwenye ncha ya mzizi, na namna wataalamu wanavyoyatambua.

Ndani ya mzizi mna mfereji mwembamba unaofunguka nchani kwa tundu dogo. Kiini kinapokufa, bakteria hustawi katika mfereji huo, na sumu zao hupenya tunduni hadi kwenye tishu zinazoshikiza jino katika taya. Mwili hujibu kwa mchochota. Mfupa ulio karibu huliwa, na mahali pake hujaa tishu laini iitwayo granuloma. Baadhi ya granuloma hatimaye hufanya kifuko chenye majimaji, yaani sisti. Katika picha ya eksirei zote mbili huonekana kama doa jeusi, na picha hiyo pekee haitoshi kuzitofautisha.

Kwa hiyo tishu ikishatolewa huchunguzwa kwa hadubini. Hukatwa vipande vyenye unene wa mikromita 4 au 5 hivi (mikromita 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kisha hutiwa rangi. Rangi za kawaida, hata hivyo, hazidhihirishi vizuri vijishipa vichanga ambavyo bado havijafunguka. Hapo hutumiwa viashiria, yaani molekuli za seli za aina fulani, ambazo hunaswa kwa kingamwili zilizoambatanishwa na kitu cha kutoa rangi. Njia hii ilienea sana baada ya Georges Köhler na César Milstein kueleza, mwaka 1975 huko Cambridge, namna ya kutengeneza kingamwili za aina moja tupu.

Viashiria vya mishipa ya damu vinavyotumiwa sana ni CD31 na CD34, vilivyomo katika seli zinazofunika ukuta wa ndani wa mishipa. Mtafiti huhesabu mishipa iliyopata rangi katika eneo maalumu. Lakini hapana budi kuwa na hadhari: CD34 hupatikana pia katika seli changa zinazozalisha damu na katika baadhi ya seli za tishu unganifu. Shahidi mmoja hatoshi. Tishu unganifu yenyewe hupimwa kwa kolajeni, ambayo ni protini ya nyuzi zake, na ambayo rangi ya Masson huifanya kuwa ya buluu au ya kijani.

Viashiria hivi vikisomwa pamoja hutufundisha kwamba granuloma si nyama iliyooza. Ni mahali ambapo ubomoaji na ujenzi huendelea kwa wakati mmoja. Mishipa mipya huchipua na kuleta chembe nyeupe za damu. Seli ziitwazo fibroblasti husuka nyuzi. Vimeng'enya navyo huzikata. Penye mchochota mkali nyuzi huwa chache na zilizolegea, ilhali pembezoni hujipanga kwa wingi kama ua.

Msomaji ataweza kuuliza: ikiwa damu ni tele namna hiyo, mbona kidonda hakiponi? Jibu ni kwamba adui hayumo katika granuloma hasa, bali ndani ya mfereji, ambamo kiini kimekufa na hakuna mshipa hata mmoja ulio hai. Askari wa mwili huizingira ngome wasiweze kuingia. Vidonge vya kuua bakteria navyo husafiri kwa damu, hivyo huishia pale pale. Vina kazi yake maambukizo yanaposambaa, lakini haviwezi kuusafisha mfereji.

Mwaka 1965 Kakehashi, Stanley na Fitzgerald wa Marekani walitoboa meno ya panya hadi kwenye kiini. Panya wa kawaida walipata usaha na vidonda kwenye ncha za mizizi. Wale waliolelewa bila vijidudu vyovyote, viini vyao havikufa, bali vilijiziba kwa dentini mpya. Uwezo wa kujenga umo mwilini. Kinachouzuia ni bakteria.

Hivyo basi, jino lililoacha kuuma bila kutibiwa lapasa kuonyeshwa kwa daktari wa meno. Mfereji ukisafishwa na kuzibwa barabara, mara nyingi mfupa hujijenga tena katika muda wa miezi au miaka. Isipowezekana, jino ling'olewe. Na uvimbe ukishuka shingoni, au kumeza na kupumua kukawa kwa shida, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.