Mlima Ukilipuka Ndani ya Kompyuta



Mwezi huu tunazungumzia gemu. Najua wazazi wengine wakisikia neno hilo tu wanakunja uso. Wanaona kijana amejifungia chumbani, yaka inakwisha, na kazi ya shule imelala. Lakini si gemu zote ni za kukimbia na kupiga risasi. Ziko zile za zamu: wewe unacheza, unangoja, kisha mwenzako anacheza. Wazee wetu walikuwa nazo kabla ya umeme. Anayecheza bao kule pwani, na Muganda anayecheza omweso hapa Kampala, wote wana mashimo 32 na kete 64, na kila mmoja anangojea zamu yake. Kwenye kompyuta pia ni hivyo. Hakuna mbio za vidole, kuna kufikiri.

Gemu yenyewe

Gemu ya zamu inayojulikana sana inaitwa Civilization. Unaanza na watu wachache, unajenga mji wa kwanza, unalima, unajifunza kuandika, unafanya biashara na majirani, ao unapigana nao. Toleo la nne, la mwaka 2005, linafunguka kwa wimbo wa Kiswahili! Unaitwa Baba Yetu, na maneno yake ni ile sala tunayoijua. Mtunzi wa muziki huo, Christopher Tin, alipata tuzo ya Grammy mwaka 2011, na ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kwenda kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya gemu.

Toleo la sita lilitoka 2016. Ndani yake yumo Mvemba a Nzinga, mfalme wa Kongo wa miaka ya 1500, yule aliyemwandikia mfalme wa Ureno kulalamika kwamba watu wake wanachukuliwa utumwa. Kisha mwezi wa pili 2019 ikaja nyongeza yake, Gathering Storm. Nyongeza si gemu mpya. Inabandikwa juu ya gemu uliyo nayo na kuleta kanuni mpya, na bila gemu ya kwanza haifanyi kazi. Hii ilimleta Mansa Musa wa Mali. Ilileta pia mafuriko, ukame, tufani na milima ya moto. Ukichoma makaa ya mawe na mafuta mengi, bahari inapanda na kumeza pwani.

Raia mmoja alienda wapi?

Hapo ndipo gemu inaingia nyumbani kwetu. Katika familia moja ya Wakongo hapa Nsambya, watoto wanacheza kwenye laptopu ya zamani. Kijana mkubwa amezaliwa Kampala, Goma anaijua kwa jina tu. Siku moja mlima ulilipuka karibu na mji wake wa kwenye kompyuta. Mji ulikuwa na raia 7, ukabaki na 6. Kijana hakusikitika. Alifurahi, maana katika nyongeza hii udongo uliopata majivu unaweza kutoa chakula zaidi.

Mama yake alikuwa anachambua maharage pembeni. Akauliza:

“Yule mmoja alienda wapi?”

“Sijui, Mama. Amekufa ao amekimbia. Gemu haisemi.”

“Sisi tulikimbia,” mama akasema. “Hatukufa.”

Basi jioni ile laptopu ilifungwa, na mama akaeleza jambo ambalo watoto walikuwa hawajalisikia. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, na moto wa mlima ukapita katikati ya Goma. Watu kwa mamia ya maelfu walitoka, wengi wakivuka mpaka kwenda Gisenyi. Yeye alibeba godoro na mtoto wa dada yake. Baada ya siku chache wengi walirudi, mawe yakiwa bado na joto, wakaanza kujenga upya juu ya mawe hayo hayo. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Wengine walikwenda Sake, wengine Bukavu kwa mashua, wengine Rwanda.

Kweli, gemu haidanganyi kuhusu udongo. Mashamba ya Rutshuru na Masisi yanajulikana kwa rutuba, na rutuba hiyo imetoka kwenye milima ya moto. Ndiyo maana watu wanakaa karibu na mlima wakijua tabia yake. Lakini gemu inahesabu raia kama unavyohesabu magunia. Ukikosa mmoja, zamu chache baadaye anazaliwa mwingine na hesabu inatimia. Aliyetoka kwa miguu hana njia kwenye ramani, hana hema, hana karatasi.

Msaada wenye mashindano

Kuna kanuni nyingine ambayo wasomaji wetu wataielewa haraka. Mchezaji akipigwa na janga, linaweza kufunguliwa ombi la msaada. Wengine wanamtumia dhahabu, na anayetuma nyingi kuliko wote anapata pointi za kumsaidia kushinda gemu yote. Kijana wetu alishangaa: “Ati ukisaidia unashinda?” Sisi tuliopanga foleni tunajua kwamba msaada una hesabu zake pia. Lakini ile siku ya kwanza, kabla ya magari kufika, aliyefungua mlango ni jirani, na hakuna aliyemwandikia pointi. Hilo mtoto hatalisoma kwenye kompyuta. Atalisikia kwako.

Kasubi si mbali

Toleo la saba la gemu hii lilitoka 2025, na sasa Buganda nayo imo. Imo hata Muzibu Azaala Mpanga, ile nyumba kubwa ya nyasi ya Kasubi walimozikwa Makabaka wanne. Kwenye gemu, nyumba iliyoharibika unaitengeneza kwa zamu chache. Nyumba ya Kasubi iliungua tarehe 16 Machi 2010, na ikafika 2023 ndipo UNESCO ikaitoa kwenye orodha ya mahali palipo hatarini. Miaka kumi na mitatu! Wafundi wa nyasi na miti walilazimika kufuata mila zao hatua kwa hatua. Mzazi, siku moja mpeleke mtoto akaione. Ataelewa kwamba kujenga upya ni kazi ndefu, na kwamba inawezekana.

Mkitaka kucheza nyumbani

Gemu ikishawekwa kwenye kompyuta, mnaweza kucheza bila intaneti. Watu kadhaa wanaweza kutumia mashine moja kwa kupokezana, basi hakuna haja ya kila mtoto kuwa na yake. Lugha si Kiswahili, lakini Kifaransa na Kiingereza zipo, na mtoto anajifunza maneno humo.

Marekani inasema gemu hii ni ya kuanzia miaka 10, Ulaya inasema 12. Vita vimo, damu karibu haionekani. Kabla ya kuanza kuna mahali pa kuchagua ukali wa majanga, kutoka 0 hadi 4. Kwa mtoto aliyepitia mambo magumu, anzeni chini. Na kama baada ya kucheza halali vizuri, ao ananyamaza kupita kawaida, acheni gemu, mkae naye, na mwone mshauri wa afya.

Pangeni idadi ya zamu kabla ya kuanza, tuseme 20, kisha mnahifadhi na kuzima. Gemu hii ina ujanja wa “zamu moja tu”, na usiku unakwisha.

Maswali ya kuzungumza baada ya kuzima

Watu waliopungua mjini walienda wapi? Nani aliwapokea?

Ungekuwa mtawala wa mji wa jirani, ungefungua mpaka?

Nyumbani kwetu, ni nini kilichotufanya tuhame, na tulibeba nini?

Wazee wa bao wana jambo la kuongeza hapo. Kwenye bao na kwenye omweso, kete ikiliwa haitupwi nje. Inapandwa upya upande wa pili na inaendelea kucheza. Watoto waelezwe hivyo.