Madoa Sugu ya Usoni: Kinga Kwanza, Kopo Baadaye

Chai ikimwagikia kanzu nyeupe, mwenye kanzu huiloweka, huisugua kwa sabuni, na doa likigoma hutafuta dawa kali zaidi mpaka litoke. Mazoea hayo ya dobi ndiyo tunayoyahamishia usoni pindi baka la kahawia linapotanda mashavuni, juu ya mdomo au kwenye paji la uso. Tunalisugua, tunalipaka ndimu, tunalitafutia krimu, na likigoma tunaongeza ukali. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Doa la kanzu limetoka nje likashika kwenye uzi. Doa la uso limetengenezwa na ngozi yenyewe, kutoka ndani, kujibu kitu kilichoiudhi. Hoja yangu katika makala haya ni moja: tiba ya nyumbani ya madoa sugu ni kuiondolea ngozi kinachoiudhi, na dawa yoyote inayotegemea ukali, iwe ya kiwandani au ya jikoni, mara nyingi huishia kulilisha doa lile lile.

Tuanze na jinsi rangi inavyopatikana. Chini kabisa ndani ya tabaka la juu la ngozi zimo seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya mwili. Idadi ya seli hizo hailingani na weusi wa mtu. Mweusi na mweupe wanazo karibu sawa. Kinachotofautiana ni wingi wa rangi zinayotoa na namna inavyosambazwa. Katika ngozi ya kahawia na nyeusi seli hizo ziko tayari wakati wote, na zikiguswa na jua, joto, mchubuko au uvimbe wa chunusi, hujibu kwa kutoa rangi zaidi. Ndiyo maana chunusi iliyotumbuliwa kwa kucha huacha alama inayodumu miezi mingi baada ya kipele kupona. Ndiyo maana pia wajawazito wengi, na baadhi ya wanawake wanaotumia njia za uzazi wa mpango zenye homoni, hutokewa na mabaka yanayolingana pande zote mbili za uso. Mabaka hayo madaktari huyaita melasma. Homoni na urithi hutayarisha ngozi, kisha mwanga huja kuwasha moto. Rangi iliyo katika tabaka la juu huondoka polepole kadiri ngozi inavyojikarabati, kazi ambayo kwa kila mzunguko huchukua takriban mwezi mmoja. Ile iliyozama chini zaidi hukawia sana, na haifikiwi kwa kusugua.

Ikiwa hivyo ndivyo, adui wa kwanza ni mwanga, na hapa sayansi imeongeza jambo ambalo halijafika vizuri kwa wasomaji wetu. Kwa miaka mingi lawama zilielekezwa kwenye mionzi ya jua isiyoonekana, ile inayounguza. Mwaka 2010 watafiti wa hospitali ya Henry Ford mjini Detroit, Marekani, walichapisha matokeo ya kumulika ngozi za watu wa rangi mbalimbali kwa mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho. Ngozi nyeupe haikubadilika rangi. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliingia weusi, na weusi huo ulidumu. Miaka minne baadaye, utafiti uliofanyika Meksiko uliwapa watu wenye melasma dawa moja ya kupaka, ila ukawagawia krimu mbili tofauti za kukinga jua: moja ilizuia mionzi isiyoonekana peke yake, nyingine ilizuia pia mwanga unaoonekana kwa msaada wa oksidi za chuma. Waliotumia ya pili walipata nafuu kubwa zaidi. Oksidi za chuma ndizo zinazoipa krimu rangi ya udongo au ya kahawia. Kwa hiyo mtu mweusi mwenye madoa asichague krimu ya kukinga jua kwa kuangalia namba kubwa ya kinga (SPF) iliyoandikwa kwenye chupa tu, kwani namba hiyo haipimi mwanga unaoonekana. Atafute ya namba 30 au zaidi ambayo ina rangi inayokaribiana na ngozi yake.

Nasikia mapingamizi mawili hapa. La kwanza ni kwamba krimu za jua ni za Wazungu, kwa kuwa sisi Mungu ametupa kinga. Kinga tumepewa kweli, na iliwahi kupimwa: utafiti wa mwaka 1979 uliofanyika Philadelphia ulikadiria kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi hukinga mionzi inayounguza kwa kiwango cha takriban 13 kwa kipimo hicho hicho cha SPF, na la ngozi nyeupe takriban 3. Lakini kinga hiyo hutukinga zaidi na kuungua na saratani. Haizuii madoa, kwa sababu kuongeza rangi ndiyo njia yake ya kufanya kazi. Pingamizi la pili ni bei, nalo ni zito, maana krimu nzuri ya jua hula fedha na haikai muda mrefu koponi. Jibu langu ni kwamba kinga haianzi dukani. Kofia yenye ukingo mpana, mwavuli, mtandio au kanga iliyosogezwa mbele ya paji la uso, na kuchagua upande wa kivuli barabarani ni dawa halisi, nazo hazihitaji kupakwa upya kila baada ya saa mbili kama krimu. Kioo cha dirisha la gari hakitoshi, maana hupitisha mwanga unaoonekana na sehemu kubwa ya mionzi inayotia ngozi weusi. Dereva na abiria wa dirishani wanahitaji kinga pia. Joto nalo linashukiwa kuchochea melasma, hivyo anayeshinda mbele ya jiko la mkaa afanye bidii ya kukaa mbali nalo kadiri kazi inavyomruhusu. Mwenye uwezo wa kununua krimu ya jua apake ya kutosha, mistari miwili, kila mmoja wa urefu wa kidole, kwa uso na shingo. Mpako mwembamba wa kubania hautoi kinga iliyoandikwa kwenye chupa.

Sasa tuitazame njia iliyozoeleka, ile ya mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kung'arisha ngozi. Historia yake Afrika si ya uvumi. Mwaka 1972 madaktari waliofanya kazi Nairobi walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza taarifa ya wagonjwa waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zikivujisha protini. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki, na baadhi yao walipata nafuu baada ya kuziacha. Miaka mitatu baadaye, Afrika Kusini, daktari wa ngozi G. H. Findlay na wenzake walieleza ugonjwa walioukuta kwa watumiaji wa krimu za haidrokwinoni, kemikali nyingine ya kung'arisha ngozi: ngozi iliyokusudiwa kung'aa iligeuka nyeusi ya kibuluu, ikakauka na kuota vijipele vidogo vigumu. Weusi huo ni mgumu kuutibu kuliko doa lililotangulia. Afrika Kusini iliamua mwaka 1990 kuipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi vya kung'arisha ngozi, na Umoja wa Ulaya ulifanya hivyo mwaka 2001. Tanzania, Kenya na Rwanda nazo zimeharamisha vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki. Hata hivyo mkorogo wenye kemikali hizo bado unauzwa, mara nyingi katika vikopo visivyo na maelezo, na ndani yake huwekwa pia steroidi kali ambazo kazi yake halali ni kutibu magonjwa kama ukurutu kwa muda mfupi.

Watetezi wa mkorogo hutoa hoja moja yenye nguvu: unafanya kazi, tena ndani ya wiki mbili. Sina haja ya kukanusha. Steroidi hutuliza uvimbe na kubana mishipa midogo ya damu, haidrokwinoni huzuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini, na uso hung'aa. Mng'ao huo ndio mtego wenyewe. Kadiri siku zinavyopita steroidi huikondesha ngozi, mishipa huanza kuonekana, vinyweleo na chunusi huota, na mtu akiacha kupaka, uso hulipuka kwa wekundu na muwasho. Ngozi iliyokonda hudhurika haraka zaidi, na iliyodhurika hutoa rangi. Doa hurudi likiwa na nguvu mpya, naye huongeza dozi. Wengine watauliza mbona madaktari huandika haidrokwinoni. Ni kweli, tangu mwaka 1975 Albert Kligman na Isaac Willis walipochapisha mchanganyiko wa haidrokwinoni, tretinoini (dawa ya jamii ya vitamini A) na steroidi, mchanganyiko wa aina hiyo umebaki kuwa tiba inayojulikana ya melasma. Lakini daktari hupima kiasi, huweka kikomo cha wiki kadhaa, hulenga mabaka na si mwili mzima, na humwita mgonjwa arudi aangaliwe. Dawa yenye tarehe ya kuacha ni kitu kimoja. Kopo lisilo na jina linalopakwa mwaka mzima ni kitu kingine kabisa.

Kuna wanaokimbia mkorogo wakaangukia jikoni, wakiamini kwamba cha asili hakidhuru. Ndimu ndiyo mfano mbaya kuliko yote. Maji yake ni asidi kali kupita kiwango ngozi inachokizoea, na zaidi ya hapo yana kemikali ambazo zikikutana na jua huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi. Anayejipaka ndimu asubuhi na kwenda shambani anajitengenezea doa kwa mikono yake. Magadi hukosea upande wa pili, kwa kuharibu uasidi mdogo ambao ngozi hujilindia. Dawa ya meno na dawa ya kufulia hazina nafasi yoyote usoni. Liwa na manjano ya pwani nimeyatenga makusudi, kwa kuwa ni ya heshima na mengi yamerithiwa kwa wema. Liwa laini iliyopakwa kwa maji bila kusuguliwa ina uwezekano mdogo wa kudhuru, ingawa wapo ambao ngozi yao huikataa. Singo ya kusugua, kwa uso wenye mabaka, ni afadhali iachwe, kwa sababu kinachoudhi pale ni msuguano wenyewe. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na pengine ni kweli kwa mambo mengi. Kwa ngozi inayojibu kila moto kwa rangi, methali hiyo haifai.

Nini basi kibaki kabatini? Vitu vichache, na kwa mpangilio. Sabuni ya upole isiyoacha uso ukivutika, mafuta au losheni isiyo na manukato, na kinga ya jua, kila siku, hata siku ya mawingu. Mwezi mmoja wa utulivu huo peke yake huionyesha ngozi njia. Baada ya hapo inaweza kuongezwa dawa moja, si tatu kwa pamoja. Asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20 imechunguzwa vizuri kwa melasma na kwa alama za chunusi, nayo hutumika hata kwa wajawazito kwa ushauri wa mhudumu wa afya. Niasinamidi ya asilimia 4 au 5 ni ya upole na hupunguza usambazaji wa rangi ndani ya ngozi. Dawa za jamii ya tretinoini zina nguvu zaidi, lakini mjamzito asiziguse. Kila dawa ijaribiwe kwanza mahali padogo karibu na taya kwa siku chache, na ikiwasha sana iachwe, kwani muwasho ni mwanzo wa doa jingine. Matokeo yapimwe kwa miezi mitatu, kwa picha zinazopigwa mahali pamoja penye mwanga ule ule, maana kioo cha kila asubuhi humkatisha mtu tamaa bure.

Nyumbani pana mpaka wake. Baka jeupe lililokufa ganzi linaweza kuwa ukoma na linahitaji zahanati, si krimu. Alama moja inayokua, inayotoa damu au yenye kidonda kisichopona ionwe na daktari mapema. Weusi unaotanda mwili mzima pamoja na uchovu na kukonda, au ngozi nzito nyeusi shingoni, huweza kuashiria ugonjwa ulio ndani ya mwili. Aliyetumia steroidi kali kwa muda mrefu asiziache ghafla akiwa peke yake, na anayeshuku vidonge vya uzazi wa mpango azungumze na mhudumu wake kabla ya kuvikatiza. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, kimekuwa kikiwafundisha wataalamu wa ngozi kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992, na penye uwezekano mtu amtafute mtaalamu wa aina hiyo kabla ya kumtafuta muuza vikopo.

Lipo pingamizi la mwisho, la wanaosema kwamba kuhangaikia madoa ni kuukataa weusi, na kwamba heri mtu ajikubali alivyo. Nauheshimu moyo wa maneno hayo, lakini naona yanachanganya mambo mawili. Mwenye melasma hatafuti rangi ya mwingine. Anataka rangi yake mwenyewe ienee sawa usoni. Mkorogo ndio unaoikataa ngozi nyeusi, kwa sababu huitendea kama uchafu wa kufuliwa. Kuikinga, kuipumzisha na kuipa muda ni kuikubali ilivyo, ngozi hodari inayojitetea kwa rangi. Melasma hurudi kwa wengi jua likiachiwa nafasi, na hakuna kopo litakaloifuta moja kwa moja. Lakini mtu anayetoka kila asubuhi na mwavuli wake, akaiacha ndimu kwenye kachumbari, ameanza matibabu ambayo hayatamdai figo wala ngozi yake.