Je, Wajua? Seli Kabla ya Sekondari

Je, wajua kwamba mtoto wa chekechea pale Bukoba anaweza kuona seli nzima bila hadubini? Mvunjie yai la kuku wa kisasa, yule asiyewahi kukaa na jogoo, ulimimine kwenye sahani. Ule mviringo wa njano ni seli moja. Karibu wote ni akiba ya chakula. Mkiangalia kwa makini mtaona juu yake kidoa cheupe, na hapo ndipo ulipo uhai wenyewe. Yai la kienyeji lililorutubishwa ni habari nyingine, maana siku linapotagwa seli zake zimeshagawanyika na kuwa maelfu.

Watoto wetu wengi hukutana na seli sekondari, tena kwa Kiingereza, wakakariri majina ya sehemu zake kabla hawajapata picha yoyote kichwani. Naona tumegeuza mambo. Hata katika historia picha ilikuwepo tangu mwanzo: mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitoa kitabu kiitwacho Micrographia, chenye michoro mikubwa ya vitu alivyovitazama kwa hadubini. Humo ndimo vijumba vya gamba la mti vilipoitwa seli kwa mara ya kwanza, na humo pia yumo kiroboto mkubwa hata ukurasa wake ni wa kukunjua.

Fran Balkwill, mtafiti wa saratani wa London, na mchoraji Mic Rolph wamewatengenezea watoto vitabu vya picha kuhusu seli tangu miaka ya 1990. Baadaye wakaongeza Staying Alive, kinachohusu virusi vya Ukimwi. Kagera inalielewa somo hilo kuliko wengi, kwani wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983. Kwa miaka mingi seli za CD4, zinazoshambuliwa na virusi hivyo, zimetajwa kliniki mbele ya watoto na kuitwa askari wa mwili. Ni maelezo mazuri, ila mtoto anastahili kumwona huyo askari amechorwa.

Je, wajua kwamba senene hana damu nyekundu? Msimu wake ukifika, watoto wakikaa kunyonyoa mbawa na miguu, vidole havipati doa jekundu hata kimoja. Mdudu huyu husambaza hewa mwilini kwa mirija midogo, hivyo hahitaji seli nyekundu za kubeba oksijeni. Sisi tunazihitaji, na ni ndogo mno: zaidi ya 100 zikipangwa mstari hutosha ndani ya milimita moja.

Na hapa ndipo jambo linapokuwa zito. Kila mwaka watoto wapatao 11,000 huzaliwa na sikoseli Tanzania, na Kanda ya Ziwa, Kagera ikiwemo, ni miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi. Seli nyekundu ya kawaida ni ya mviringo, laini, na huishi siku 120 hivi. Ya mgonjwa, ikishaachia oksijeni, hujikunja kama mundu, ikakakamaa na kuziba mishipa midogo. Mtoto analia kwa maumivu, vidole vinavimba. Seli hiyo huishi siku 10 hadi 20 tu, ndiyo maana damu humpungukia. Hakurogwa, wala hawezi kumwambukiza jirani yake kwenye dawati. Amerithi kwa baba na mama wote wawili. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui, tena hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Jambo hilo lilielezwa mwaka 1954 na daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kufanya utafiti wake Afrika Mashariki.

Kwa mchezo wa darasani kuhusu seli, ndizi ipo. Dondoshea iodini kipande cha ndizi mbichi ya kupika: kitageuka bluu iliyokoza karibu nyeusi, kwa kuwa seli zake zimejaa wanga. Ndizi iliyoiva sana hubadilika kidogo tu, kwani wanga wake mwingi umeshakuwa sukari.

Tangu mwaka 1991 Tanzania ina Mradi wa Vitabu vya Watoto, na wachoraji hodari tunao. Walimu, wauguzi na wachapishaji wa Bukoba na Muleba, kaeni pamoja mtoe kitabu kifupi cha picha kuhusu sikoseli, kwa Kiswahili chepesi, kisha kifikishwe kliniki za watoto na madarasa ya awali.