Mikono Myeupe ya Jezi ya Arsenal

Jezi ya Arsenal, yenye kifua chekundu na mikono myeupe, hudhaniwa na mashabiki wengi kuwa ni ya asili, ilhali historia yake inaonyesha kwamba rangi zake zilipatikana kwa vipindi, na kila kipindi kilikuwa na sababu yake.

Mwaka 1886, wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, kusini-mashariki mwa London, walipounda timu iliyokuja kuwa Arsenal, baadhi yao, akiwemo mlinda mlango Fred Beardsley, walikuwa wamewahi kuichezea Nottingham Forest, na klabu hiyo ilipoombwa msaada iliwapa jezi nyekundu pamoja na mpira. Wekundu ule ulikuwa wa kukoza, unaokaribia maruni, na mwaka 1906 uliivutia klabu ya Sparta ya Prague, ambayo huuvaa hadi leo.

Mbali na rangi, kitambaa nacho kilikuwa na neno lake. Katika fainali ya Kombe la FA ya 1927 dhidi ya Cardiff City, mlinda mlango Dan Lewis aliudaka mpira, ukamteleza, na katika kuukimbilia akausukumia wavuni kwa kiwiko, Arsenal ikafungwa 1-0. Lawama ziliiangukia jezi yake mpya, ambayo sufu yake, yaani kitambaa cha manyoya ya kondoo, ilikuwa bado na utelezi wa mafuta, na inasimuliwa kuwa tangu hapo klabu hiyo hufua kwanza jezi ya mlinda mlango kabla ya mchezo mkubwa.

Mageuzi makubwa yaliletwa na meneja Herbert Chapman, ambaye mwaka 1928 aliwavalisha wachezaji namba mgongoni, miaka 11 kabla ya Ligi ya Uingereza kulifanya jambo hilo kuwa sharti. Kwa kuwa klabu nyingi zilivaa rangi moja tupu, Chapman alitaka sare isiyofanana na nyingine, na Machi 4, 1933, Arsenal iliingia uwanjani dhidi ya Liverpool ikiwa na mikono myeupe. Ilipoteza mchezo huo, lakini msimu ulipokwisha ilitwaa ubingwa. Mikono hiyo iliondolewa katikati ya miaka ya 1960, kisha ikarudishwa mwaka 1967.

Mwaka 1981 kifua cha jezi kilipata jina la JVC, kampuni ya vifaa vya umeme iliyokuwa mdhamini, yaani mlipaji wa fedha anayetangaziwa bidhaa zake. Kifua kilipokwisha kuuzwa, soko liligeukia mikono: mwaka 2018 mkono wa kushoto ulichapwa maneno Visit Rwanda, ya kuwaalika watalii nchini humo, na weupe aliouchagua Chapman ili timu yake ijulikane kwa mbali ukawa karatasi ya kuandikia tangazo.