Je, Wajua? Mji Mkongwe wa Zanzibar nusura uwe kisiwa

Leo unavuka barabara tu pale Darajani, ukitoka Mji Mkongwe kwenda Ng'ambo. Zamani palikuwa na maji ya mkono wa bahari, yakijaa na kupwa, na Mji Mkongwe ulikuwa karibu kisiwa. Yalifukiwa kidogokidogo, na kazi ikamalizika katika zama za ukoloni wa Kiingereza.

Maji yalikwisha, mpaka ukabaki. Serikali ya kikoloni iliuona Mji Mkongwe, upande wa nyumba za mawe, kuwa ndio mji hasa. Ng'ambo, kwenye nyumba za udongo na makuti na wakazi wengi zaidi, iliitwa mtaa wa wenyeji. Mipango ya mji ya mwaka 1923 na 1946 iliendeleza mgawanyo huo.

Mwanajiografia Garth Myers ameitafiti Ng'ambo kwa miaka mingi. Katika kitabu chake cha mwaka 2003 anaonyesha kwamba ramani za wakubwa hazikuwahi kuutawala mji kikamilifu: watu walijenga kwa kufuata uwezo, imani na desturi zao. Nyumba iliongezwa chumba riziki ilipopatikana, na baraza ikawekwa mbele kwa ajili ya jirani na mgeni.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, wapangaji kutoka Ujerumani Mashariki walisaidia kupanga maghorofa marefu ya Michenzani, yaliyopasua katikati ya Ng'ambo.

Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia. Ng'ambo haikuwemo, ingawa huko taarabu ya mwimbaji Siti binti Saad ilipata mashabiki wengi.