Kijana wako anataka kamera ya DSLR? Jua uzuri na kasoro zake kabla hujafungua pochi

Zamani kijana akimaliza kidato cha sita aliomba simu. Siku hizi wapo wanaoomba kamera, tena ile nyeusi, kubwa, yenye lenzi ya kubadilisha, kama wanazoziona mikononi mwa wapiga picha wa harusi na mahafali pale Diamond Jubilee, Upanga.

Kwa mzazi ombi hilo si dogo. Fedha ya kununulia kamera hiyo mara nyingi ndiyo iliyotengwa kwa ajili ya ada ya chuo au kodi ya nyumba. Ukikataa bila kuuliza, unaweza kuzima kipaji. Ukikubali bila kujua unachonunua, kifaa kinaweza kuishia juu ya kabati kikiota ukungu.

Ni kamera ya namna gani?

Kamera za DSLR zina madaraja. Zipo za kujifunzia, zipo za wataalamu wa magazeti na michezo, na katikati yake zipo zinazomfaa mtu anayeanza kulipwa kwa kazi yake. Katika kundi hili la kati zimo Nikon D7200, Nikon D7500 na Canon EOS 80D.

Tuchukue mfano wa Nikon D7200. Ilitoka mwaka 2015 na haitengenezwi tena, kwa hiyo utakayoipata itakuwa imeshapita mikono mingine. Bado ni mfano mzuri, kwa sababu inaonyesha wazi kundi hili linatoa nini na linakosa nini.

Uzuri wake

Kwanza, ina nafasi mbili za kadi ya kumbukumbu. Unaweza kuipanga kila picha iandikwe kwenye kadi zote mbili. Kwa mpiga picha wa harusi hilo ni jambo kubwa: kadi moja ikiharibika, ndoa ya watu haipotei. Bwana harusi hawezi kuambiwa arudi kesho avishe pete upya.

Pili, betri yake hudumu. Kwa kipimo cha kiwanda, chaji moja inatosha picha 1,110 hivi. Umeme ukikatika asubuhi, shughuli ya jioni bado inapigwa.

Tatu ni mwanga. Simu nzuri nazo hupiga usiku, lakini nyingi huunganisha picha kadhaa ili kupata moja angavu. Kitu kikitulia, matokeo huvutia; mtoto akicheza, anatoka na ukungu wa mwendo. Kamera hii ina kihisi cha mwanga kikubwa kuliko cha simu, na inakubali lenzi zenye tundu pana. Lenzi ya milimita 50 ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 ya ile ya kawaida inayoishia f/5.6. Ukumbini tofauti hiyo inaonekana kwa macho.

Nne, bodi yake ina mota ya kuendesha lenzi za zamani za Nikon ambazo hazina mota ndani. Nyingi ya lenzi hizo huuzwa kwa bei nafuu kuliko mpya.

Kasoro zake

Kamera hii ni nzito. Bodi pamoja na betri na kadi ni gramu 765. Ukiweka lenzi ya kawaida, unapita kilo moja. Kwa shughuli ya saa nane, shingo italalamika.

Kwenye video iko nyuma. Haipigi 4K, skrini yake haikunjuki wala haiguswi kama ya simu, na ukipiga kwa kutazama skrini badala ya kioo cha juu, inatafuta shabaha polepole. Kama ndoto ya kijana wako ni filamu fupi au chaneli ya YouTube, hii si kamera yake. D7500, iliyotoka mwaka 2017, ina 4K na skrini ya kugusa inayokunjuka, lakini wameipunguzia nafasi ya kadi ikabaki moja.

Kasoro nyingine hukaa nje ya kamera. Picha moja ghafi ya megapikseli 24 inaweza kufika MB 25 hadi 30. Picha 1,000 za harusi moja ni karibu GB 30. Hapo unahitaji kompyuta yenye nguvu na diski ya kuhifadhia. Mzazi anayedhani amenunua kamera tu, amenunua mwanzo wa orodha.

Ukinunua iliyotumika

Maduka ya Kariakoo yana kila kitu, na muuzaji atakuambia, "Mama, hii haijatumika kabisa." Usibishane naye. Pima.

Uliza kamera imepiga picha ngapi. Shata ya D7200 ilijaribiwa kiwandani hadi mara 150,000. Piga picha moja, ichukue kwenye simu, kisha ifungue kwa programu inayosoma taarifa zilizofichwa ndani ya picha za Nikon. Idadi utaiona.

Mulika lenzi kwa tochi ya simu. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, huo ni ukungu, ugonjwa wa kawaida kwenye joto na unyevu wa pwani yetu. Iache.

Funga tundu la lenzi hadi f/16 na upige picha ya anga jeupe. Madoa meusi ni vumbi juu ya kihisi. Jaribu nafasi zote mbili za kadi na kila kitufe. Dai risiti iliyoandikwa namba ya kamera iliyoko chini ya bodi, ili kesho usije kuulizwa mali ya nani.

Gawanya fedha

Usimalize bajeti kwenye bodi. Kama familia imejipanga kwa shilingi milioni mbili, tenga mapema fungu la lenzi nzuri, betri ya pili, kadi mbili, flashi na begi. Bodi ya kawaida yenye lenzi nzuri huishinda bodi ya bei mbaya yenye lenzi dhaifu. Nunua pia vipakiti vya kunyonya unyevu, na kamera isikae miezi ndani ya begi lililofungwa.

Kamera haifundishi adabu

Kazi hii ina historia hapa mjini. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianzisha kampuni yake ya Camerapix hapa Dar es Salaam mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 20 hivi. Picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliigusa dunia. Kwa hiyo usimwambie mtoto kwamba kupiga picha si kazi.

Mwambie pia kwamba kazi ina mipaka. Maeneo ya jeshi hayapigwi picha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu, na zaidi kabla ya kurusha mtandaoni picha ya mtoto wa mwenzake.

Kabla hujatoa fedha, mpe kazi. Apige kwa simu shughuli tatu za ndugu na majirani, achague picha 20 bora kwa kila moja na azikabidhi siku aliyoahidi. Kisha amtafute mpiga picha anayefanya kazi mjini, ambebee begi na stendi kwa miezi miwili. Akichoka wiki ya pili, ada yako iko salama. Akirudi kila Jumapili usiku, miguu inauma na bado anasimulia mwanga wa ukumbini, anza kuhesabu fedha, mkiwa wote wawili mezani.